Kope si Muhuri

Katika soko la Pasua, mjini Moshi, vumbi la kiangazi linapotimka akina mama wengi hujitanda kanga hadi puani. Hata hivyo jirani humtambua jirani, akamwamkia kwa jina. Kinachobaki wazi ni nyusi, kope, mikunjo ya ngozi na macho yenyewe, na hicho chatosha. Uwezo huo wa kawaida ndio ambao wanasayansi wa kompyuta wamejitahidi kuupa mashine. Mwaka 2009 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Unsang Park, Arun Ross na Anil Jain, walionyesha kwamba picha ya kawaida ya eneo linalozunguka jicho yaweza kumpambanua mtu na wenziwe, hata pasipo kuisoma irisi, yaani lile duara la rangi linaloizunguka mboni. Barakoa za mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, ziliupa utafiti huo wafuasi wengi.

Haja ya utafiti wa namna hiyo ni ya kweli. Tangu Mei 2019 laini za simu nchini Tanzania zimekuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole. Lakini vidole vya mwashi ashikaye saruji kila siku, au vya mkulima wa mpunga upande wa Mabogini, huchakaa hata mistari yake isisomeke. Mtu huyo ni yule yule. Mistari tu ndiyo iliyofutika. Kumtafutia alama nyingine mwilini ni jambo la haki.

Kosa linaanza pale mafundi wa mitambo wanapolichukua eneo la jicho kama muhuri uliokwisha pigwa, usiobadilika. Daktari hawezi kukubali dhana hiyo. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi ya sehemu nyingine za mwili, na chini yake pamelegea. Kwa hiyo mtoto ambaye figo zake zinapoteza protini katika mkojo huamka asubuhi kope zimemvimba, na mchana uvimbe hupungua. Kuna pia ugonjwa wa misuli kuchoka, ambao humwacha mgonjwa na kope zilizo wima asubuhi na zilizolala jioni. Muuguzi naye huivuta chini kope ya mtoto aliyeugua malaria ili auone weupe unaoashiria upungufu wa damu. Kwa mganga, basi, thamani ya eneo hili ni kule kubadilika kwake, yaani kile kile ambacho fundi wa kompyuta hukiita kasoro na kutaka kukifuta.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko karibu na Pasua. Wilayani Rombo, katika kitongoji cha Kahe Mpya, watafiti wa KCMC na wenzao wa London walipima trakoma mwaka 2000. Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaoenezwa kwa mikono, nguo na nzi. Dozi moja ya dawa ya azithromaisini ilitolewa kwa karibu wakazi wote, wagonjwa na wazima. Kabla ya dawa, asilimia 9.5 ya watu walikuwa na maambukizo. Baada ya miaka miwili ilibaki asilimia 0.1. Ni ushindi mkubwa, na inashangaza kwamba hautajwi zaidi madarasani.

Lakini dawa huua vijidudu, haifuti kovu. Aliyeambukizwa mara kwa mara tangu utoto huota makovu upande wa ndani wa kope ya juu. Makovu hukaza, ukingo wa kope hugeukia ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wengine huzing'oa nywele hizo kwa kibano. Wengine hupasuliwa, kope ikageuzwa nje na kushonwa upya. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto, ambao ndio ghala la maambukizo. Bibi aliyepigwa picha kabla ya upasuaji na akarudi mwaka unaofuata aweza kuonekana kwa mashine kuwa mtu mwingine; na huenda vidole vyake navyo vimechakaa kwa jembe.

Tena, mashine hujifunza kwa nyuso ilizoonyeshwa. Mwaka 2019 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za utambuzi wa sura, ikaona kwamba katika nyingi kati yake makosa ya kumdhania mtu kuwa mwingine yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki na Magharibi kuliko kwa watu wa Ulaya ya Mashariki. Kununua chombo cha namna hiyo kabla ya kukijaribu kwa nyuso za hapa, zikiwamo za wazee na wagonjwa wa macho, ni uzembe.

Liko na jambo la siri. Picha inayoonyesha kope iliyolala, iliyovimba au yenye kovu ni habari za ugonjwa, hata kama aliyeipiga ni karani na hakukusudia kutibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu Mei 2023, nayo huhesabu alama za maumbile na habari za afya kuwa taarifa nyeti. Nchini Kenya, Agosti 2023, serikali iliisimamisha Worldcoin baada ya umati kujipanga Nairobi ili wapigwe picha za irisi kwa kuahidiwa malipo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Wangapi katika foleni ile waliambiwa kwamba jicho hueleza zaidi ya jina?

Yafaa kila ofisi itakayosajili watu kwa eneo la jicho imruhusu aliyepasuliwa kope kupigwa picha upya, bila malipo, kwa cheti cha daktari wa macho. Mwalimu wa baiolojia naye aweza kuwaagiza wanafunzi wachore jicho la mwenzao asubuhi na tena jioni, wapime upana wa uwazi wa kope, kisha walinganishe. Na wachore kwa penseli. Kamera ya simu ibaki mfukoni.