Homa Isiyofuata Ratiba ya Bajeti

Mimi ni bwana mifugo mkoani Dodoma. Ugonjwa ninaouhofia kuliko yote ni ule ambao wafugaji vijana wengi hawajawahi kuuona: homa ya Bonde la Ufa.

Kirusi chake kinajulikana tangu miaka ya 1930, kilipobainika kwa kondoo wa eneo la Naivasha, Kenya. Karibu karne nzima wataalamu wanakifuatilia, na bado kinawaponyoka. Aina fulani za mbu hukirithisha kwa mayai yao, na mayai hayo hukaa katika udongo mkavu wa mbuga mwaka baada ya mwaka. Mvua kubwa ikituamisha maji, yanaanguliwa, na mbu wengine hutoka wakiwa nacho tayari. Hapo ndipo kondoo wenye mimba wanapoanza kuzitupa, karibu zizi zima.

Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani walisoma joto la bahari na uoto wa ardhi kwa satelaiti, wakaionya Afrika Mashariki mapema. Walipatia. Desemba ugonjwa ulilipuka Garissa, Kenya. Mwanzoni mwa 2007 ulikuwa kwetu. Hapa nchini watu 264 waliripotiwa kuugua, 109 wakafariki. Wangapi waliugua kweli? Wengi hupata homa tu, wakadhani ni malaria, wakapona bila kupimwa. Kisha ikaja El Niño kali ya 2015, maonyo yakatolewa, mlipuko mkubwa tuliouogopa haukuja. Mwaka 2018, pasipo El Niño, ugonjwa ukaibuka Wajir, Kenya, baada ya masika mazito.

Kirusi cha namna hii utakichunguza lini? Kikilipuka, barabara za mbugani zimekatika kwa mafuriko. Unamshika mbuzi, unatafuta mshipa wa shingo, unajaza kichupa, unakiweka kwenye kasha la barafu, halafu unaomba Mungu pikipiki ivuke korongo kabla barafu haijayeyuka. Mvua zikikatika, fedha nazo zinakatika, na watafiti wanarudi mjini.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini ile ya zamani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, kwa hiyo ni lazima uwahi kabla hajapandwa. Nenda sasa kamshawishi mfugaji wakati wa kiangazi. Atakuuliza, "Bwana mifugo, kwani mbuzi wangu wanaumwa nini?" Swali lake ni la haki kabisa, na sipendi anavyoitwa mbishi kwa kuliuliza.

Naiomba wizara itenge fungu la kudumu la kupima damu za makundi yaleyale ya mbuzi na kondoo kila mwaka, hasa miaka ya ukame, na majibu yarudishwe kwa wenye mifugo. Mfugaji aliyeonyeshwa kwamba kirusi kimepita kwenye zizi lake bila yeye kujua hahitaji kubembelezwa achanje.