Muuza seva, wacha kunihesabia memori

Ingia duka lolote la kompyuta hapa Nairobi useme unatafuta seva ya ofisi. Kabla ukae, ushaambiwa ina prosesa mbili, memori ni hii, "hii ni mashine, bosi." Sawa. Swali langu ni moja tu: ikikufa Jumamosi usiku, nani ataifufua, na saa ngapi?

Nilifanya atachimenti kwa kampuni moja ya vifaa vya ujenzi. "Seva" yao ilikuwa kompyuta ya mezani, chini ya meza ya mhasibu, karibu na ndoo ya kupiga deki. Siku pawa saplai iliungua, tuliandika risiti kwa mkono siku mbili, na stoo haikujulikana ina nini. Na ile kompyuta ilikuwa na memori mingi, mazee. Kasi haikuwahi kuwa shida.

Sasa chukua seva ya raki ya kawaida, kama HPE ProLiant DL380 ama Dell PowerEdge R730. Nyuma ina nafasi ya pawa saplai mbili. Moja ikiungua, ingine inabeba mzigo, unachomoa mbovu kazi ikiendelea. Diski zinatoka mbele kama droo, na kama RAID imepangwa vizuri, moja ikifa wateja hawajui. Halafu kuna ile kompyuta ndogo ya ndani, iLO kwa HPE, iDRAC kwa Dell. Ina laini yake ya mtandao, na inafanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, bora stima ipo. Fundi anaiwasha akiwa kwao Kitengela. Mimi nilikuwa napanda boda saa tatu usiku kwenda kubonyeza kitufe.

Hiyo ndiyo bidhaa. Hiyo ndiyo inafanya raki ishinde kompyuta ya mezani hata ikiwa ghali zaidi. Lakini nani anaieleza dukani? Hata hawakuambii kwamba kuona skrini kikamilifu ukiwa mbali kunahitaji leseni, Advanced kwa iLO ama Enterprise kwa iDRAC. Utajua ukishalipa.

Wanapenda pia kusema inaokoa nafasi. Ni kweli ukikodi mahali wanalipisha kwa U, ambayo ni milimita 44.45 kwenda juu. Lakini wewe una seva moja kwenye stoo, unaokoa nafasi ya nini? Badala yake wakuonye kuhusu kelele, maana zile feni zikiwaka utadhani ni posho mill. Ofisi ya watu wanne haihitaji hii kitu, na muuzaji mkweli atakuambia hivyo.

Sina ubaya na ex-UK. DL380 Gen9 na R730 zilitoka 2014, na uzuri wa mashine iliyouzwa sana ni kwamba vipuri vinapatikana. Basi nipe pawa saplai ya akiba na diski moja kwa hiyo bei, uwache kunipa mausi ya bure.

Na nyinyi wanunuzi pia, pawa saplai mbili kwenye ekstenshen moja ni nini hiyo? Kwani Agosti 2023, nchi nzima ilipozima, hamkujifunza kitu?

Ukienda dukani wiki hii, mwambie muuzaji achomoe pawa saplai moja seva ikiwa inafanya kazi, mbele yako. Akianza kukuonyesha memori tena, toka uingie duka la pili.