AFYA NYUMBANI: Vueni Buti, Tazameni Nyayo

Askari husugua buti zake kila asubuhi hata zikang'aa, lakini ni nadra kuutazama unyayo uingiao ndani yake. Juma hili tuzungumzie doa jeusi la unyayoni.

Wengi husadiki kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba weusi wetu hutukinga na jua. Hata hivyo, saratani iitwayo melanoma haihitaji jua: kwa watu weusi huota zaidi mahali penye weusi haba, yaani nyayoni, viganjani, na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo chini ya ukucha wa mguu mwaka 1977. Alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Si kila doa ni ugonjwa. Watu wengi wana madoa ya unyayoni yasiyo na madhara. Kuyapambanua, daktari hutumia dermoskopi, kioo kidogo chenye taa kinachokuza mara 10 na kuondoa mng'ao wa ngozi. Hakina sindano wala maumivu. Ngozi ya unyayo ni kama shamba la viazi: ina matuta na mifereji. Weusi ukifuata mifereji, aghalabu doa ni salama. Ukifuata matuta, daktari hushuku saratani, naye hukata kipande kidogo kikapimwe maabara.

Je, nyumbani tufanye nini? Jumamosi ya umuganda, mkishanawa matope, kagueni nyayo, viganja na kucha, kila mmoja na mwenzake, wazee wasisahauliwe. Damu iliyovilia chini ya ukucha kwa kubanwa na buti husogea mbele ukucha unapokua. Lakini mstari mweusi unaopanuka, doa lenye kingo zisizo sawa au rangi mchanganyiko, na kidonda kisichopona, visingojewe.

Msikwangue doa kwa wembe, wala msilichome kwa dawa. Nendeni kituo cha afya, mwombe kupelekwa kwa daktari wa ngozi. Hapa Kigali wapo katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe na katika CHUK. Melanoma ikiwahiwa ingali changa, hukatwa na mtu akapona. Ikiachwa, husambaa mwilini, na hapo tiba huwa ngumu mno.