Kamati ya Harusi Tunaiweza, ya Chuo Inatushinda Nini?



Kila mwaka ifikapo Mei, vijana wetu wa kidato cha sita wanafanya mtihani wa taifa. Muda si mrefu wengi wao wako kambini JKT, mbali na nyumbani na makaratasi yao. Julai matokeo yanatoka, na kipindi hicho hicho mambo yote yanakuja kwa mkupuo: vyuo vikuu vinapokea maombi, Bodi ya Mikopo nayo inapokea maombi, na kila dirisha lina siku yake ya kufungwa. Katika majuma hayo machache kijana wa miaka kumi na tisa anaamua atasoma nini, wapi na kwa fedha za nani. Mara nyingi anaamua peke yake, amekaa kwenye benchi la steshenari, mkononi ana simu ya kuazima.

Sisi tuliosoma tunampigia kumpongeza. Tunauliza amepata daraja gani, tunamtakia heri, tunakata simu. Wazazi wake wanampenda kuliko sisi, ila wengi hawajawahi kuomba chuo maishani mwao, na hawajui hata swali la kuuliza.

Ninachowaomba ni hiki: kila kata, na kila shehia kule Zanzibar, iunde kamati ya kuwapeleka vijana vyuoni. Kuunda kamati hatuhitaji kufundishwa. Harusi ikitangazwa, ndani ya wiki tuna mwenyekiti, mweka hazina, kadi za ahadi, kikao cha kila Jumapili na mtu asiyeona haya kuwakumbusha waliochelewa kutoa. Nguvu hiyo tunayo. Tuilete huku.

Kazi ya kwanza ya kamati ni makaratasi, na ianze mtoto akiwa kidato cha tatu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Rehema Juma Ally, cha kidato cha nne kimeandikwa Rehema Juma Ali. Herufi moja hiyo inaweza kumzungusha mtoto ofisi hadi ofisi wakati siku zinayoyoma. Yatima naye anatakiwa kuthibitisha uyatima wake kwa cheti cha kifo cha mzazi. Sasa tuulizane kwa upole: ni familia ngapi mtaani kwetu zilizika, zikaanua matanga, na hakuna aliyekwenda kuchukua cheti? Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF ina namba, na namba hiyo inamsaidia mwombaji, lakini lazima mtoto aijue. Fomu ya mkopo inataka saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, inataka ya hakimu au wakili, inataka mdhamini mwenye kitambulisho. Haya yote yanafanyika kwa utulivu yakianza mapema. Yakiachwa hadi Agosti, yanakuwa mbio na machozi.

Lipo jambo dogo linaloniumiza sana. Mtoto hana simu, hivyo mwenye steshenari anajaza namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Kijana akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha chuo anachokitaka inatumwa kwenye simu ile, naye yuko kijijini hana habari. Kamati ikimnunulia kila mwombaji laini yenye jina lake na ikamfungulia barua pepe anayoijua mwenyewe, imefanya kazi kubwa.

Halafu kuna gharama. Tunawafundisha watoto kutazama ada peke yake, na ada haisemi yote. Fungua barua ya kujiunga na chuo usome mpaka chini: usajili, kitambulisho, bima ya afya, tozo ya udhibiti wa ubora ya TCU, umoja wa wanafunzi, mafunzo kwa vitendo. Kisha chumba, kisha chakula. Fedha ya kujikimu, ile vijana wanayoiita boom, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, lakini si kila mwombaji anapewa, na wapo wanaopewa sehemu tu ya ada. Kwa hiyo kamati ikae na mzazi, ipige hesabu ya miaka yote mitatu au minne, na iulize bila kuficha: mkopo ukija nusu, nusu nyingine itatoka wapi? Chuo cha umma kilicho karibu na kwa shangazi kinaweza kumfikisha kijana kwenye shahada ile ile bila familia kuuza shamba.

Na tuache kuona njia nyingine kuwa za walioshindwa. Ada ya kozi ndefu VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Vyuo vya maendeleo ya wananchi viko 54 nchini. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa stashahada katika fani za kipaumbele. Aliyemaliza kidato cha nne mwenye mikono mizuri ya ufundi anastahili kupewa habari hizi na mtu anayemheshimu. Popote atakapokwenda, jina la chuo litafutwe kwanza kwenye orodha ya NACTVET au mwongozo wa TCU, kabla ya senti kulipwa.

Fedha zinazohitajika mwanzoni haziko mbali nasi. Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000. Kwa mama anayeuza maandazi hiyo ni fedha ya kumnyima usingizi. Kwa wanakamati ishirini ni shilingi 1,500 kila mmoja. Ninyi mnaokatwa asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo, njia hii mmeipita wenyewe. Ninyi ndio walimu tunaowahitaji.

Maimamu, mapadri na wachungaji, tunaomba dakika mbili za tangazo baada ya ibada. Wakuu wa shule, tunaomba orodha ya wanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita wanaotoka kwenye kata. Kikao cha kwanza kiwe Januari. Mtu mmoja aende kesho kwa mtendaji kuomba chumba, mwingine aje na daftari, na kila mzazi aje na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe tukisome pamoja, herufi kwa herufi.