Wanasayansi wa bahari nao wana chama, na sisi wa Likoni kinatuhusu

Ukitaja "chama" huku Bofu, watu wanafikiria vitu viwili: siasa, ama kina mama wanaochanga kila wiki na mmoja anapokea. Leo nataka tuongee kuhusu chama cha aina ya tatu. Najua mkisikia neno sayansi vidole vinaanza kusogeza skrini, lakini hebu ngojeni kidogo.

Kinaitwa WIOMSA. Jina refu ni la Kizungu, lakini maana yake ni chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kilianza 1993, makao yake yako Zanzibar, na kinaunganisha watafiti wa nchi 10, kuanzia Somalia mpaka Afrika Kusini, pamoja na visiwa kama Komoro, Ushelisheli na Madagaska. Yaani watu wanaosoma maji haya haya tunayovuka na feri kila asubuhi tukiwa tumebanana kama omena.

Na kama vyama vya kina mama, hiki pia kinahusu pesa. Kina mpango wa MASMA unaotoa ruzuku za utafiti kwa vikundi vya watafiti. Halafu kuna ruzuku ndogo za MARG, na hizi ndizo mimi nazipenda zaidi, manake kijana anayeanza anaweza kuziomba: afanye utafiti wake, aende kujifunza kwenye maabara ya nchi jirani, ama alipiwe safari ya kongamano. Kwa mtu mwenye digrii mpya na mfuko mtupu, hapo ndipo wengi huachia njiani. Akili anayo, ila hana nauli wala kifaa, na hana mtu wa kumuonyesha njia.

Kuna pia jarida lao, linalotoka tangu 2002, na kulisoma ni bure. Unaweza kuona ni jambo dogo. Basi sikia. Mwishoni mwa 2020 jarida kubwa la Nature lilitangaza kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure na kila mtu alipe euro 9,500. Hiyo kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni moja, kwa makala moja! Kusema haki, 2023 wachapishaji wake walitangaza kuwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini na zile za kipato cha kati cha ngazi ya chini kama yetu. Shukran. Lakini msamaha ni wa mwenye duka, na mwenye duka anaweza kubadilisha mawazo kesho. Jarida la chama ni la wanachama.

Halafu kuna kongamano lao, ambalo kwa kawaida huja kila baada ya miaka miwili hivi. 2011 lilikuwa hapa Mombasa, na 2025 likarudi hapa hapa. Linganisha na mwanafunzi anayetaka kwenda kongamano Ulaya. Ada ya viza ya Schengen sasa ni euro 90, na ukikataliwa pesa hairudi. Bado tiketi, bado hoteli, bado barua ya benki ya kuonyesha una pesa ambazo huna. Kongamano likiwa Mombasa, ada ya kujisajili ipo, sikatai, lakini mtu wa Mtongwe anahitaji nauli ya matatu tu, na feri kwa miguu ni bure.

Sasa kwa nini haya yanihusu mimi ambaye si mwanasayansi? Kwa sababu anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali. Mtafiti akija kutoka mbali na pesa zake, anauliza swali lake, anabeba sampuli, anaondoka, na wavuvi wanabaki kujiuliza yule mzungu alikuwa anapima nini. Mtafiti wa hapa anaulizwa maswali na majirani zake mwenyewe, na hawezi kuwakimbia.

Tazama Gazi, hapo Kwale, si mbali na sisi. Watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya bahari iliyoko Mkomani, akiwemo Dkt. James Kairo, walikaa miaka na miaka na mikoko ya pale. Walishirikiana na wenzao wa nje, ndiyo, lakini hawakuondoka. Mwaka 2013 ukazinduliwa Mikoko Pamoja: wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, wanauza kaboni, na pesa inaingia kwenye maji na shule za pale. Sisemi WIOMSA ndiyo iliyoanzisha mradi huo. Nasema mtafiti wa kukaa hivyo hapatikani kwa semina ya siku mbili. Analelewa miaka, na vyama kama hiki ni sehemu ya malezi.

Lakini nisiwapambe tu. Kwa miaka mingi pesa ya MASMA imetoka Sweden. Siku Sweden ikifunga mfuko, tutafanya nini? Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kufika hapo. Tunajua kupigia kelele barabara na maji, na ni sawa, ila sijawahi kusikia mwanasiasa wa Pwani akibanwa kuhusu ile asilimia 2. Mwaka 2027 wakija kuomba kura uwanjani, mtu awaulize, hata kama watacheka.

Na chama chenyewe nakidai kitu. Makala zao karibu zote ni kwa Kiingereza kigumu, wakati makao yao yako Zanzibar, kwenye chimbuko la Kiswahili sanifu! Mvuvi wa Likoni anayejua upepo wa kusi na kaskazi kuliko mtu yeyote wa maabara hawezi kusoma kilichoandikwa kuhusu samaki wake. Mimi ningeanza na ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila utafiti uliofanywa pwani yetu, ubandikwe ukutani kwenye ofisi za BMU, pale samaki wanapopimwa. Wanafunzi wa Pwani University na TUM wanaweza kuandika. Gharama yake ni karatasi na gundi.