Betri ya kompyuta haipendi godoro

Katika nyumba nyingi, kompyuta mpakato ya mzazi ikifika jioni inakuwa ya familia nzima. Mtoto huipeleka kitandani, huiweka juu ya blanketi, huchomeka chaja na kuangalia katuni mpaka usingizi umchukue.

Kinachoumia ni betri. Kompyuta nyingi za siku hizi zina betri za lithiamu, ambazo huzeeka haraka zikipata joto. Godoro na mto huziba matundu ya hewa, joto likakosa pa kutokea. Iweke mezani, au hata juu ya sinia kubwa.

Kuiacha kwenye chaja kutwa nzima ikiwa imejaa nako huichosha. Kwa matumizi ya kawaida, chaji ya kati ya asilimia 20 na 80 inatosha. Wala usisubiri izime ndipo uichaji. Hayo yalikuwa ya betri za zamani.

Mzazi, ikague mara kwa mara. Ikianza kuyumba mezani, kifuniko kisifunge vizuri au sehemu ya kugusia kwa kidole ikiinuka, huenda betri imevimba. Izime, chomoa chaja, iweke mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto haraka, kisha mwite fundi. Usiibonyeze wala kuitoboa, kwa sababu inaweza kuwaka ghafla.

Na usiku, kompyuta isilale na mtoto kitandani, hasa ikiwa kwenye chaja.