Damu Hutoa Khabari Kabla ya Mwili Kulalama



Juma hili twapenda kuzungumza na akina mama, na waume zao nao wasikilize, juu ya maradhi yaliyoingia kimyakimya katika nyumba zetu nyingi, nayo ni kisukari. Hatukusudii kumtisha mtu. Twakusudia kujulisha kwamba maradhi haya huweka alama zake katika damu muda mrefu kabla ya mtu kuhisi kiu isiyokatika, au kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, au kuona kidonda cha mguuni kisichopona. Na alama hizo siku hizi zasomeka.

Wataalamu wa tiba huziita viashiria vya mwilini. Kiashiria ni kitu kilichomo katika damu, mkojo au nyama ya mwili, kinachoweza kupimwa na kueleza hali ya ndani ilivyo. Katika kisukari, kiashiria mashuhuri ni kile kiitwacho HbA1c. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Tehran, mtaalamu wa Iran aitwaye Samuel Rahbar aliona kwamba damu ya wagonjwa wa kisukari ilikuwa na himoglobini isiyo ya kawaida. Himoglobini ndiyo inayoipa damu wekundu wake na kubeba hewa safi mwilini. Baadaye ikabainika kwamba tofauti ile yatokana na sukari. Sukari ya damu hujishika na himoglobini, na kadiri inavyozidi ndivyo inavyoshika kwa wingi, wala haibanduki mpaka chembe nyekundu iliyoibeba ife. Umri wa chembe hiyo ni takriban siku 120.

Hapo ndipo ilipo faida yake. Kipimo cha kutoboa kidole hueleza sukari ya saa ile tu. Mtu aweza kujizuia na mahamri na halua kwa siku mbili, akaenda kupimwa, akaonekana mzima. HbA1c haidanganyiki hivyo, kwani hueleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na tena hakimlazimu mtu kwenda na njaa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliafiki kwamba kipimo hiki kitumike kuutambua ugonjwa: asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Madaktari wengi huhesabu 5.7 hadi 6.4 kuwa ni daraja la onyo. Na asiye na dalili hupimwa tena kabla ya kuambiwa kuwa ni mgonjwa.

Daraja hilo la onyo ndilo tunalowaomba mlizingatie. Aliye hapo hana maumivu, lakini bado ana njia ya kurudi: kupunguza uzito, kutembea kila siku, kupunguza sukari ya chai na kupakua wali kwa kiasi. Anayengoja mpaka aumwe huenda akakuta macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu imekwisha kudhurika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo ni ghali mno kuujenga.

Jambo la pili ni kwamba kiashiria chahitaji kusomwa kwa kumtazama mwenyewe. Hapa pwani, ambako malaria imekaa nasi kwa karne nyingi, wako watu wengi waliorithi alama ya selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, chembe zake nyekundu hufa mapema, kwa hiyo HbA1c yake yaweza kuonekana ndogo ilhali sukari iko juu. Hata aliyerithi alama tu, baadhi ya mashine hukosea kuisoma damu yake. Upungufu wa madini ya chuma, ambao huwapata akina mama wengi, nao waweza kuipandisha hesabu bila ya kisukari. Na mja mzito hupimwa kwa njia nyingine: hunyweshwa maji ya sukari, kisha damu yake hutazamwa, aghalabu kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kwa hiyo mwambie daktari khabari za ukoo wako na za mwili wako. Usichukue karatasi ya jirani ukailinganisha na yako.

Hata dawa hufuata mkondo huo. Daktari hutazama figo kabla ya kuchagua, na mkojo humsaidia: protini iitwayo albumini ikianza kuvuja humo, huonyesha kwamba figo zaumia kabla miguu haijavimba. Lengo la kijana si lengo la bibi wa miaka themanini, ambaye kushuka kwa sukari kwaweza kumwangusha.

Twamjua sote yule mama anayempeleka mtoto zahanati, anayekumbuka dawa za mkwewe, na yeye mwenyewe hajawahi kupimwa. Akiambiwa, husema, "Mimi sina kitu." Ikiwa mzazi au ndugu yake ana kisukari, au alipata sukari katika mimba, au ana shinikizo la damu, au mwili umenenepa, basi na apimwe. Nanyi waume, msingoje kuombwa. Toeni ada ya kipimo na nauli kama mtoavyo posho ya nyumba. Huko nako ni kuishi kwa wema.

Wako wanaoogopa kwamba jina la mgonjwa litawaaibisha, na wako wanaosingizia husuda kila mwili unapochoka. Dua tusiiache, wala tiba tusiiache, Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwisho, mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani na amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, ili vipimo vyake vitazamwe na saa za dawa zipangwe. Na kutoboa kidole mchana ili kupima sukari hakufunguzi, kama walivyoeleza wanazuoni wengi. Basi mtu asiache kujipima kwa kuchelea saumu yake.

Mwenyezi Mungu atupe afya na atuponyeshee wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.